Kukataa Usupavaiza kwa Heshima

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo asubuhi niliamka nikakuta tamaa ya cheo imeniisha. Imeisha kabisa, kama kikohozi kinavyoondoka bila kuaga. Niliketi kitandani nikaitafuta. Hakuna. Nikavaa soksi nikiwa mtu huru.

Niandike vizuri, maana siku moja binti yangu Beth atataka kujua baba yake alikuwa nani. Mimi ni Gachau, miaka hamsini na mmoja, mkazi wa Gitothua, Ruiru. Miaka ishirini na miwili niko kiwandani Thika, tunapofunga mananasi kwenye mikebe. Naibu supavaiza wa laini ya lebo. Mikebe hunifikia ikiwa uchi na huniacha ikiwa imevaa. Usupavaiza wenyewe nimeuomba mara nne. Mara nne wamempa mwingine, na mmoja wao nilimfundisha mwenyewe kuwasha mashine.

Sasa siutaki. Supavaiza hufanya kazi Jumamosi. Jumamosi zangu ziko Murera, kwenye kashamba kangu: miti arobaini ya avokado na kiti kimoja cha plastiki. Mwaka huu miti imezaa kwa mara ya kwanza. Huketi pale nikavua viatu, na hakuna anayeniuliza chochote.

Saa nne, wakati wa chai, supavaiza wetu Mzee Kyengo alitangaza kwamba anastaafu mwisho wa mwezi. Moyo haukuruka. Nilimaliza mkate wangu. Nilijivunia sana jinsi nilivyoumaliza.

Ndipo nikaona tatizo. Mtu asiyetaka cheo na mtu aliyenyimwa cheo wanafanana. Wote wawili wamebaki pale pale. Watu watasema Gachau amenyimwa mara ya tano. Haiwezekani. Lazima nipewe, ndipo nikatae, mbele ya mashahidi. Jioni nimeandika hotuba ya kukataa. Kurasa mbili. Ukurasa wa pili unagusa moyo.

Jumanne, 6 Mei

Huwezi kukataa kitu usichopewa, na hupewi usichoomba. Kwa hiyo nimeomba. Barua imepita zile nne za zamani kwa mbali. Mtu asiyetaka kitu huandika bila kutetemeka.

Niliipeleka mwenyewe kwa Rachael, meneja wa wafanyakazi. Ni msichana mwerevu. Nilipoajiriwa alikuwa darasa la pili au la tatu. Akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu mwaka juzi nilimwambia sitaomba tena hadi kaburini. Nikamjibu kwamba sijawahi kuwa na hakika kama leo. Ni kweli tupu.

Mlangoni nikakutana na Obiero wa ghala, bahasha mkononi. Ana miaka ishirini na mitatu kiwandani. Ananizidi mmoja, na hupenda kuutaja. Huvaa koti la blezi hata pale kwenye mvuke. Akanitazama, akasema, "Aah, mzee Gachau. Na wewe tena?"

Hilo "tena" nimeliweka moyoni.

Alhamisi, 8 Mei

Magdalene, mke wangu, aliona viatu vimepigwa rangi katikati ya wiki. Akauliza kuna nini. Nilitaka kumweleza mpango wote, lakini ni mpango wenye maelezo marefu na ugali ulikuwa unapoa. Nikasema tu kwamba nimeomba usupavaiza. Akaweka sahani chini. "Baba Beth," akasema, "hii mara ni yako." Macho yalimng'aa hata nikakosa mahali pa kuendelea.

Hiyo ilikuwa jana. Leo nimerudi nikakuta akina mama tisa wa kanisa sebuleni, pamoja na mzee wa kanisa, Chege. Wote wamekuja kuniombea. Chege alimtaja Rachael kwa jina, akaomba moyo wake ulainishwe. Mama mmoja akaiombea mashine. Chege akatangaza mfungo wa siku tatu kwa akina mama wote. Mimi nikasamehewa kwa sababu ninafanya kazi ya mikono.

Kisha Magdalene akasimama, akaahidi mbele yao kwamba Jumapili tarehe kumi na nane tutatoa shukrani ya usupavaiza madhabahuni, na mbuzi juu. Kanisani kwetu shukrani hutangazwa mapema, ili ionekane huna shaka. Ikishatangazwa, hairudishwi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Nilisema amina.

Ijumaa, 9 Mei

Kazi ya kupewa cheo haitaki uvivu. Leo Rachael alipita na wageni. Nikaona mkebe mmoja lebo imekaa upande. Nikasimamisha mashine nzima. Nikauinua mkebe juu, nikazungumza kuhusu ubora kwa dakika kumi na moja. Wageni walisikiliza. Mmoja alipiga picha.

Laini ya lebo ina kanuni moja ambayo mimi mwenyewe huwafundisha wapya: ukisimamisha mashine, osha rola za gundi mara moja, maana gundi hukauka. Dakika kumi na moja ni nyingi. Tulikwangua rola kwa visu hadi saa kumi. Obiero alikuja kutoka ghalani, akavua blezi, akapiga magoti kando yangu. Akasema, "Mzee, hii imekuwa simiti." Sikumwomba msaada. Nadhani alitaka aonekane anasaidia. Aliendelea hata baada ya Rachael kuondoka, jambo linaloonyesha jinsi alivyo mjanja.

Jumapili, 11 Mei

Mbuzi amefika kutoka kwa kaka yake Magdalene anayekaa Kalimoni. Beberu mweupe mwenye macho ya dharau. Tukamfunga uani, tukaenda kanisani. Tuliporudi alikuwa amekula miche yangu sita ya avokado, ile niliyoiunganisha kwa mikono yangu na kuinywesha maji tangu Januari. Amebakiza karatasi za nailoni za miche, akazikanyaga.

Niliumia. Nilienda nyuma ya choo nikakaa kidogo. Magdalene hajala tangu juzi kwa ajili ya mfungo, na bado yeye ndiye aliyeniletea chai huko nyuma, akasema atanisaidia kuunganisha mingine. Nilitaka kumwambia kila kitu. Lakini alikuwa amechoka.

Jumanne, 13 Mei

Beth amekuja kutoka chuoni Juja kufua nguo. Nikamsomea hotuba kwa siri, mama yake akiwa dukani. Alisikiliza kurasa zote mbili. Akasema, "Dad, wait. Una-reject job hawajakupea? Hiyo ni level ingine."

Nikamshukuru. Vijana hawasifu ovyo.

Aliuliza pia kama mama anajua. Nikamwambia mambo ya uongozi yana wakati wake.

Jumatano, 14 Mei

Mahojiano! Sijawahi kung'aa vile. Chumbani walikuwa Rachael na Mzee Kyengo. Mara nne zilizopita nilitoka jasho hadi kwenye soksi. Leo nilikaa nimeegemea kiti. Waliniuliza kuhusu gundi, nikawaeleza makosa yangu yote kwa furaha. Rachael akauliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikasema Murera, nimevua viatu. Wakacheka mpaka Kyengo akatoa leso.

Rachael akauliza nitafanyaje Jumamosi kukiwa na kazi. Nikasema tutavuka daraja hilo tukilifikia, na nikatazama dirishani kwa namna ya kiongozi. Kyengo akaandika kitu kwa muda mrefu. Watu hawaandiki marefu juu ya mtu wasiyemtaka.

Nimejiandaa. Hotuba iko mfuko wa ndani wa koti. Ukurasa wa pili nimeupa nafasi mbili za kupumzika, moja ya machozi ya wasikilizaji.

Ijumaa, 16 Mei

Imetimia.

Saa nne walitukusanya kantini, laini zote. Rachael akasimama na karatasi. Akasema kwamba wamemchagua mtu aliyekaa nao zaidi ya miaka ishirini, asiyeogopa kuchafua mikono, anayeheshimiwa na wote. Sikuhitaji kusikia jina. Nilisimama kabla ya makofi, maana ukikataa baada ya makofi unawaaibisha waliopiga.

Nikasoma. Kurasa zote mbili. Nikawaambia kwamba cheo ni kizuri lakini mtu hufikia umri akajua kinachomtosha. Nikawaambia kuhusu miti. Nikawaomba wasilie, wampe mwingine nafasi hiyo, yeyote yule, hata mwenye blezi. Nilipumzika mahali pa kupumzika. Kantini ilikuwa kimya, isipokuwa friji.

Nilipokaa, Rachael alinyoosha karatasi yake. Akasema, "Asante, Bwana Gachau, tumesikia." Kisha akasoma jina. Obiero.

Ni vizuri kuweka kumbukumbu sawasawa. Mimi nimekataa saa nne na dakika kumi. Obiero amepewa saa nne na dakika kumi na tisa. Anayejua kusoma saa ataelewa nani alianza. Kyengo baadaye alinishika bega, akaniambia kwamba Jumatano aliandika kuwa mimi niachiwe miti yangu, kwa sababu hajawahi kuniona na furaha vile. Kwa hiyo hata katika maandishi rasmi nimeachiwa, sikunyimwa.

Nilishuka Ruiru nikatembea hadi nyumbani. Magdalene alikuwa getini. Aliniona kwa mbali, nikija nimenyooka, kifua mbele, hotuba mfukoni. Mara nne amesimama pale pale akinipokea nikiwa nimeinama. Basi aliponiona leo, akapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Majirani wakatoka. Chege akatoka. Mtu akanivisha shada la maua ya plastiki.

Sikusema kitu. Nilikuwa nimebanwa na shada.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemchukua Magdalene hadi Murera. Nikampa kiti. Mimi nikakalia debe. Nikamwambia yote: tamaa iliyoisha, hotuba, Obiero, dakika tisa.

Magdalene alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: siku zile tatu alizofunga, mimi nilikuwa nakula? Nikasema nilikula kidogo. Akauliza nilikula nini. Nikasema mandazi, na wakati mwingine nyama. Akanitazama kwa macho ya yule mbuzi, na sikuyapenda.

Halafu akasema hajawahi kuutaka usupavaiza. Kila mara niliponyimwa, nilirudi nyumbani kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe, na huko kurudi kwangu ndiko alikokuwa akiombea. Jana nilipokuja nimenyooka alijua maombi yamejibiwa. Akasema kama ni kukataa ndiko kulikoninyoosha, basi sawa, lakini nikimwacha akafunga bure tena nitalala huku huku Murera.

Nililia kidogo. Niliandika ile nafasi ya machozi kwa ajili ya watu wengine, ikaja kutumika hapa. Akachuma avokado moja, akaipapasa, akasema bado siku chache. Ni mwanamke wa maana sana, na alinichagua mimi, jambo linalosema mengi kunihusu.

Jumapili, 18 Mei

Lakini mbuzi alikuwa ameahidiwa. Asubuhi Magdalene alimweleza Chege ukweli. Chege alifikiria hadi kwaya ikamaliza nyimbo mbili. Kisha akaamua. Shukrani iliyoahidiwa ni ya usupavaiza. Usupavaiza umepatikana. Akina mama tisa walifunga, na maombi yalijibiwa. Yalishuka tu upande wa pili. Aitwe mwenyewe aliyeupata, ashukuru.

Magdalene akampigia Obiero. Anakaa Ruiru pia, kumbe. Alifika na mkewe Perez na blezi mpya. Perez alilia waliposikia kuwa watu wasiowajua walifunga siku tatu kwa ajili yao. Obiero akasimama madhabahuni, akashukuru kanisa zima, akaishiwa na maneno. Na mimi nikiwa kando yake nimeshika kamba ya mbuzi wangu, yule yule mwenye miche yangu sita tumboni.

Chege akaniuliza kama nina neno. Nikatoa ukurasa wa pili. Niliusoma wote. Mama mmoja alifuta macho mahali pale pale nilipopanga. Obiero alinikumbatia, akaninong'oneza, "Mzee, Jumamosi zako hakuna mtu atagusa. Nimeongea." Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu nilimwachia kazi.

Siku ya ushindi. Mbuzi alikuwa mtamu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefika kazini saa moja kasoro, nikaosha rola kabla ya mtu kuniambia. Supavaiza Obiero alipita, akanisalimu. Sikuhisi chochote. Amani tu.

Nimejifunza mengi katika wiki hizi mbili, hasa kwamba mtu akishaachana na vyeo, hakuna cha kumsumbua tena.

Jioni Ngigi, jirani yangu wa shamba kule Murera, amepiga simu. Wakulima wa avokado wanaunda kikundi. Wanatafuta mwenyekiti. Akasema wamefikiria majina mawili au matatu, na akanitakia jioni njema.

Uenyekiti siutaki hata kidogo. Mikutano ni Jumamosi. Lakini hakusema jina langu ni mojawapo, na siwezi kuwaacha watu wa Murera wafikirie kwamba sikufikiriwa.

Magdalene ameenda kwa akina mama wa kanisa. Nimeitoa ile hotuba mfukoni. Palipoandikwa "kiwanda" nimekata, nimeandika "kikundi". Miti nimeiacha ilivyo. Nimeongeza ukurasa wa tatu, na kesho nitapiga rangi viatu.