Malalamiko Kuhusu Kura Moja ya Hapana

Ofisi ya Tawi,
Nyuma ya Soko, Kariakoo.

Ndugu Katibu wa Wilaya,

Pokea salamu zangu za heshima, zikiwa na woga kidogo. Mimi ni Polycarp, karani wa tawi la Chama chetu hapa Kariakoo, mwenye mkataba wa miezi mitatu unaokwisha mwezi huu. Nakuandikia kuwalalamikia wanachama, ambao Jumamosi iliyopita walimchagua mwenyekiti wa tawi bila kuufuata muhtasari.

Kama ulivyo utaratibu wetu, muhtasari wa mkutano niliuchapa Jumatano, nikaupiga muhuri na kuuleta kwako Alhamisi ili Wilaya isisubiri. Muhtasari ulisema wazi kwamba Mzee Bakili, muuza sufuria kwa jumla, amechaguliwa tena kwa kura tisini na sita za Ndiyo, na Hapana hakuna. Nawe ulinipongeza kwa kuwahi. Kilichobaki ni wanachama kuja Jumamosi kutekeleza tu. Hawakutekeleza, kama ifuatavyo:

1. Mama Benedikta, muuza vitenge wa Mtaa wa Msimbazi, alikuja kuomba fomu ya kugombea. Nilimweleza kwamba fomu ni moja na Mzee Bakili ameshaijaza. Akaniambia, "Mwanangu, mteja akija dukani nikamtandikia kitenge kimoja, halafu nikamwambia achague, si ataniuliza kama naumwa?" Niliupekua muhtasari wote, swali hilo halimo.

2. Muhtasari unasema wajumbe walipiga makofi kwa dakika tatu. Walipiga kidogo sana, kwani pilau ilikuwa imeshaingia.

3. Muhtasari unasema Mzee Anuari, mwanachama wetu wa siku nyingi, alitoa neno la shukrani. Hakuja kabisa, alikuwa msibani Buguruni. Jumatatu nilimfuata, nikamwamkia, nikamsihi aje ofisini ashukuru. Alikuja, mzee wa watu, akavishukuru viti vitupu. Kisha akaniuliza, "Na hivi vilivyovunjika miguu navyo vilipiga kura?" Nilimwomba tusitoke nje ya ajenda.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Kura zilipohesabiwa, Ndiyo zilikuwa tisini na nne, na Hapana moja. Kura ya Mzee Anuari kukosekana naielewa, msiba ni msiba. Lakini hiyo Hapana niliihesabu mara nne. Vicky, aliyesimamia kura, akacheka: "Poly, hiyo hata ukiihesabu kwa maombi itabaki moja." Sasa kuna karatasi moja inayosema mimi ni mwongo, na mkataba wangu uko mezani kwako.

Kwa hiyo naomba aliyepiga Hapana atafutwe, asiadhibiwe, ila apewe nafasi ya kupiga kura yake upya kwa utulivu. Uchaguzi ujao wanachama wasomewe muhtasari kwanza, kila mmoja ajue alichokwisha kuamua. Na hilo likishindikana, nashauri kwa unyenyekevu tufanye uchaguzi bila wanachama, maana wao ndio wanaotuharibia matokeo. Pilau tutawapelekea majumbani.

Nisalimie wote hapo Wilayani, hasa yule mama wa mapokezi aliyeupokea muhtasari wangu bila kuusoma.

Ni mimi karani wako, ninayependa kuendelea kuwa karani,

Polycarp Elibariki

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, Mzee Bakili ameingia na kuisoma barua hii yote. Amesema nisimtafute mtu, ile Hapana ni yake. Mgongo unamsumbua na anataka kupumzika. Huu ni uchaguzi wa tatu anajinyima kura, ila makarani walionitangulia hawakuwa na tabia ya kuhesabu. Ameomba safari ijayo fomu apewe Mama Benedikta. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba amechelewa. Kwa kuhofia mkataba wangu usiishe kabla ya kazi, muhtasari wa uchaguzi ujao nimekwisha kuuchapa, na ameshinda yeye tena.