Mashamba Matano kwa Siku Moja

Jumatatu, 6 Oktoba. Kutaisi

Nimeshinda kabla sijaanza! Tekle, binti wa kaka yangu Otar, anaolewa mwezi ujao, na Otar anatafuta tamada wa kuongoza karamu na kusema maneno ya kila glasi. Marehemu baba yetu aliongoza harusi zote za mtaa huu. Nani amrithi kama si mimi? Lakini watu wanamtaja Guram, kaka wa mke wangu, eti ana ulimi. Ulimi! Mimi nina akili. Nimetangaza safari ya Racha, milimani, kuonja divai ya harusi. Mashamba matano kwa siku moja, dakika ishirini kila shamba. Otar ataona mwenyewe nani anaijua divai.

Dereva: Guram. Dereva hanywi, na asiyekunywa hana la kusema mezani. Nilijipongeza mbele ya kioo.

Jumatano, 8 Oktoba

Ratiba tayari. Kurasa nne, rangi tatu. Nimesoma pia kitabu cha Wafaransa: bingwa haimezi divai. Anaisukutua, anaitema, anataja harufu zake. Nimefanya mazoezi bafuni kwa divai ya jirani. Mzia, mke wangu, aliuliza kupitia mlangoni kama ninaumwa jino. Nikamjibu kwamba mke wa bingwa anahitaji subira. Akasema subira anayo tangu mwaka tuliooana.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa! Guram ameanguka kwenye ngazi akichuma zabibu. Mkono wa kulia umefungwa plasta. Alikuja kunionyesha huku anacheka: "Shemeji, usukani wako huo. Mimi glasi nitaishika kwa kushoto."

Alianguka makusudi, sina shaka. Sijali. Nitaendesha na nitatema. Kumbe kile kitabu kilijua!

Jumamosi, 11 Oktoba

Tulifika shamba la kwanza saa nne asubuhi. Saa kumi jioni tulikuwa bado hapo hapo. Mwenye shamba, Mzee Bidzina, alitandika meza: nyama ya moshi, mikate ya maharage, jibini. Nilimwonyesha ratiba, akaiwekea sahani juu. Kisha akafunua mtungi uliozikwa ardhini na marehemu baba yake, akachota, akainua glasi kwa ajili ya marehemu huyo. Wote tukasimama kimya.

Otar alikuwa ananitazama. Nikaona saa yangu imefika. Nikasukutua kwa sauti, nikatema kwenye majani, nikatangaza kwamba nimepata harufu ya matunda ya porini na ukali kidogo mwishoni.

Mzee Bidzina akaweka glasi chini, akauliza taratibu: "Mgeni, baba yangu alikukosea nini?"

Nikamweleza habari za Wafaransa. Haikusaidia.

Hapo Guram akainua glasi kwa mkono wake wa kushoto. Akasema atakunywa mbili: moja kwa aliyeuzika mtungi huu, ya pili kwa shemeji yake, ambaye bado yu hai, ingawa mzee akitaka kulirekebisha hilo yeye hatamzuia. Watu wakavunjika mbavu. Mzee akamkumbatia huku machozi yanamtoka, akaahidi kwamba divai yote ya harusi itatoka kwenye mtungi ule. Nikaendesha gari hadi nyumbani, wao wakiimba nyuma kwa sauti tatu.

Niandike humu tu: iliniuma sana. Hata baba angecheka na Guram.

Jumapili, 12 Oktoba

Otar amemchagua Guram. Alinishika bega, akasema, "Mdogo wangu, wewe utamleta bibi harusi kwa gari." Tekle naye akaniomba, kwa heshima zote, nisiguse glasi yoyote siku hiyo.

Wananionea huruma! Mimi! Nimetafakari tangu asubuhi na kosa nimeliona, dogo kabisa: nilitema ardhini, na marehemu yuko ardhini. Basi, si zaidi ya hapo. Nimekwenda kwa mfua shaba na kuagiza ndoo kumi na mbili za kutemea, moja kwa kila meza ya harusi. Guram aongee anavyotaka. Ndani ya kila ndoo, kwenye kitako, nimeagiza lichongwe jina langu, herufi kubwa. Kila mgeni atakayeinama kutema atalisoma.