Vita vya Fundi Redio na Mkojo wa Paka Wake

Jongeeni, enyi wenye masikio! Walioko mlangoni waingie, waliokaa wabanane, na yule anayesema ana haraka aketi kwanza, kwani haraka yake haiwezi kuwa kubwa kuliko habari hii. Nawaletea habari za Fundi Redio, simba wa koleo na waya, mfufuaji wa pasi zilizokufa, aliyepigana siku tatu na adui asiyeonekana ndani ya sebule yake mwenyewe, akatoka humo mshindi, japo macho mekundu.

Adui huyo alikuwa mkojo wa paka.

Paka mwenyewe aliitwa Meya: dume la kijivu, bwana wa makochi, ambaye Fundi alimnywesha maziwa kwa bomba la sindano tangu hajafumbua macho. Lakini sebule ile ndiyo pia iliyokuwa kiwanda cha mke wa Fundi, mshonaji, malkia wa cherehani. Jumatano asubuhi alisimama katikati yake, futi ikining'inia shingoni kama nishani, akanena:

"Mume wangu, nimevumilia. Jana mteja kaniuliza gauni lake nimelishona au nimelichovya. Jumamosi muuguzi anakuja kujaribu sketi yake. Nikimwona ameziba pua, Meya anahamia kwa dada yangu."

"Kwa dada yako mwenye mbwa wanne?"

"Watazoeana."

Neno hilo likampiga Fundi kifuani, naye akajifungia na vyombo vyake. Kwenye simu alikuwa amemwona mtu asiye na jina wala shati akieleza kwamba hewa iitwayo ozoni hula harufu ya kila aina. Basi akatwaa transfoma ya bango bovu la taa la duka, akatwaa kioo cha fremu na feni ya kompyuta, akavifunga ndani ya kopo la biskuti. Na alipochomeka plagi, mwali wa buluu ukawaka, kopo likanguruma, na harufu kali ikatanda kama ya radi iliyopiga uani. Hapo akafanya kosa ambalo mume wa mshonaji pekee angeweza kulifanya: akaziba kila upenyo wa madirisha kwa vipande vya vitambaa, ili hewa yake ya thamani isitoroke.

Siku ya kwanza mshonaji alikohoa. Siku ya pili Fundi alibubujikwa na machozi bila msiba. Naye Meya, mshindi wa mapaa yote ya jirani, akajificha chini ya kitanda chumbani.

"Unasikia harufu yoyote?" Fundi alimuuliza mkewe.

"Sisikii kitu. Hata kitunguu sikisikii."

"Ushindi huo!"

Jumamosi muuguzi akaja, akavaa sketi, akainua mikono apimwe. Mpira wa kiunoni ukalia *paa!* na sketi ikaporomoka hadi miguuni kama bendera ya jeshi lililosalimu amri. Sketi ilianguka, heshima ya muuguzi haikuanguka. Akauliza kwa upole, "Shoga, mpira huu ni wa mwaka gani?"

"Nimeununua Jumanne!" Mshonaji alichukua bunda zima, akavuta, ukakatika vipande kama tambi kavu.

Muuguzi akakohoa, akalitazama kopo. "Shemeji, kinachonguruma pale ni nini?"

"Mtambo wa ozoni, dada. Unakula harufu."

"Unakula na mipira ya sketi. Na mapafu yenu je, unayaruka kwa heshima? Hewa hiyo ikitosha kumaliza harufu, inatosha kuwachoma vifua nyinyi na paka wenu. Zima, fungua, tokeni nje!"

Fundi akasita. Kuzima kulikuwa ni kumpeleka Meya kwa mbwa wanne. Ndipo kutoka chumbani kikasikika kikohozi kidogo, chembamba, ambacho hakikuwa cha binadamu. Shujaa hakungoja cha pili. Akaing'oa plagi kama ang'oaye mkuki, akalikabili dirisha lililogandishwa na rangi, akalipiga bega mara tatu, likaachia kwa kishindo. Akambeba Meya, na wote wakatoka kuketi ngazini, muuguzi amejifunga shuka.

Waliporudi baada ya saa nzima pua zikiwa zimezinduka, harufu ya zamani iliwapokea mlangoni, nzima na yenye afya. Kumbe adui hakufa. Zilizokufa zilikuwa pua.

"Mpigie dada yako," akanong'ona Fundi, akimkumbatia Meya.

"Ngoja kwanza," akasema mkewe. "Inatoka wapi?"

Swali hilo, enyi wasikilizaji, hakuna aliyewahi kuliuliza. Fundi akapiga magoti, pua chini, akapita ukutani, akapita chini ya makochi, hadi chini ya cherehani, penye gunia la vipande vya vitambaa.

"Mke wangu, ngome ya adui ni mali yako."

"Hilo gunia? Lina miezi sita hapo..." Mshonaji akaziba mdomo, kisha pua.

Gunia likatolewa nje. Fundi akasugua sakafu kwa sabuni, akarudia kwa siki na maji, akaweka beseni la mchanga pembeni. Muuguzi akavuta pumzi ndefu. "Nasikia siki tu."

Wote wakamgeukia mshonaji. Akamtazama Meya, Meya akamtazama.

"Abaki," akasema. "Lakini nitamchunguza."

Meya akashuka kutoka kochini kwa hatua za kifalme, akalizunguka beseni, akaparua mchanga mara mbili, akachuchumaa. Na iandikwe, ikaririwe vizazi hata vizazi, kwamba saa tisa alasiri, mbele ya mashahidi watatu walioshika pumzi, paka yule alikojoa panapostahili, na nyumba nzima ikapiga makofi.