Malalamiko Kuhusu Bata Anayetema Moto

Kihonda, Morogoro
12 Januari 2003

Kwa Watengenezaji wa Mchezo wa Vijidude, Japani

YAH: MTOTO KUFUATA UPANDE WA MAMA

Waheshimiwa,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyinyi na mafundi wenu wote. Mimi ni Ignas Mloka, fundi seremala, Mluguru, baba wa mtoto mmoja anayeitwa Glory. Tangu biashara iwe ruksa tunaletewa mitumba ya kila namna, na mwaka jana nilimnunulia Glory kimashine chenu cha mkononi, kile cha kukamata vijidude na kuvifuga. Tunacheza wote. Yeye ananisomea Kiingereza cha kwenye kioo, mimi nabonyeza. Nina miaka arobaini na sita na wala sioni haya. Kidogo naona.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nina dume langu, kenge anayetema moto, nimemlea miezi minne kwa jasho. Nikamwoza kwa bata jike wa Glory, bata akataga yai. Sasa yai lenu halianguliwi mpaka litembezwe hatua maelfu. Basi nikalitembeza. Nilitia kimashine mfukoni mwa shati nikapanda nacho Mgeta kwa miguu, njia ile ya mawe, wabeba kabichi wananipita na matenga yao kichwani. Nilirudi na malengelenge. Glory alicheka mpaka akakaa chini: kumbe hatua zinazohesabiwa ni za yule mtu mdogo wa kwenye kioo. Hili si lalamiko, ni ujinga wangu, lakini nimeona mlijue.

2. Yai likaanguliwa, akatoka bata. Bata mtupu! Mdomo wa bata, miguu ya bata. Nikajaribu mara sita, nikapata bata sita. Glory akanisomea kanuni yenu: mtoto hufuata aina ya mama, na kwa baba hurithi pigo moja au mawili tu. Ndiyo maana bata wetu wanatema moto. Jamani, haya si ndiyo ninayoambiwa na wakwe zangu kila Krismasi? Sisi Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Shamba ni la huko, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Glory akinuna, wanasema hasira hizo kazitoa kwa baba. Mazuri yote yaliyobaki ni ya kwao.

3. Katika vijidude vyenu vya kuanzia, kwa kila jike mmoja kuna madume saba. Saba! Na bado mwenye ukoo ni yule mmoja. Hao saba wanafanya nini, wanakaa kikao?

4. Njia pekee mliyomwachia dume apate mtoto wa aina yake ni kumwoza kile kijidude kisicho na umbo, kilichotandaa kama uji uliomwagika. Nilimweleza Mama Glory kanuni hiyo mezani, kwa adabu kabisa. Siku hiyo nilikula ugali bila mboga.

5. Hapa ndipo penyewe. Glory amefaulu kwenda sekondari. Mimi nataka asome hapa hapa Kihonda, jioni arudi nyumbani. Jumapili ameshuka mjomba wake, Deogratias, kaka yake Mama Glory. Amekaa kwenye kiti nilichokichonga mwenyewe, akatangaza kwamba mtoto ataenda bweni kwa masista, kule juu milimani. Hakuniuliza hata kwa kope. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwamba dunia imebadilika, soko huria limeingia, na hata Wajapani na akili zao wanajua mtoto ni wa baba. Nikawasha kimashine, ndani mna yai la saba, nikiomba safari hii atoke kenge, nitoe ushahidi. Ushahidi ukatoka bata. Deogratias alisema Wajapani ni watu wa maana sana.

Glory anaondoka Jumatatu. Nimeumia, waheshimiwa, siwafichi. Nyumba itakuwa kimya na mimi kile Kiingereza sikijui.

Kwa hiyo naomba kanuni ibadilishwe kabla ya Jumatatu. Sihitaji makubwa. Yai moja tu, kenge mmoja mdogo, hata akiwa mlegevu, nimwonyeshe shemeji.

Nisalimieni wake zenu, watoto wenu, na wajomba wa watoto wenu, ambao nadhani ndio watakaoamua barua hii ijibiwe au isijibiwe.

Ni mimi, mzazi wa pigo moja au mawili,
Ignas Mloka

N.B. Kabla sijafunga bahasha ameingia Stefano, mume wa dada yangu. Amekuja kwa sababu ya binti yake Scholastika, ambaye mimi ndiye mjomba wake, na ambaye mwezi uliopita niliamua aende Gairo kujifunza cherehani. Stefano sikumuuliza, sikuona sababu, yeye ni baba tu. Ameleta karatasi yenye malalamiko tisa, yamepangwa kwa namba. Alipofika la nne akalia, mtu mzima na mvi zake. Nimemwambia kwa upole kwamba mila haibadilishwi kwa barua. Kwa hiyo, waheshimiwa, ile kanuni msiiguse.