Sauti ya Baba kwenye Spika

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata kazi! Kazi ya heshima, si kutangaza sumu ya panya. Muuguzi anayekuja nyumbani kumwangalia Baba ameliona gari langu la matangazo, spika mbili juu. Ameniomba nipite mitaani niwaambie watu jambo moja: mtu akiwa bado na kauli, aiambie familia anataka atunzwe vipi siku akishindwa kusema. Mashine au basi. Hospitali au nyumbani. Na nani amsemee. Nikifanya vizuri, ofisi ya afya itanipa wilaya nzima. Wilaya nzima! Koo la Shaba, yule mtangazaji wa mtaa wa pili, atakonda.

Baba alisikia akiwa kitandani, akaanza yeye. Moyo wake umechoka na anajua. Hataki mashine, hataki mipira ya kupumulia. Anataka kufia chumbani kwake, dirisha wazi, akisikia watu wakigombania foleni bombani. Mimi ndiye nimsemee, maana kaka yangu mkubwa ana huruma isiyo na breki. Nikasema sawa, Baba. Nilikuwa natafuta waya wa maiki.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza. Nilitunga mwenyewe: "Ndugu mwananchi, umejiandaa kufa?" Nilidhani ni mwanzo wenye nguvu. Mama mmoja akanimwagia maji ya vyombo. Fundi viatu akanitaka nipeleke uchuro wangu kwa wakwe zangu. Watoto wameshanibandika jina: Bundi.

Koo la Shaba alipita na tangazo la magodoro. Aliponifikia akazima spika na kuvua kofia, kama anayepita penye msiba. Mshenzi.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Baba alikuwa mnadi wa mnada miaka mingi, hakuna asiyeijua sauti yake. Nimemrekodi. Akasema yake yaleyale, polepole: chumba, dirisha, hakuna mashine, mwanangu huyu anisemee. Nikaipiga sokoni. Washonaji wakasimamisha cherehani. Muuza nyanya akalia waziwazi. Mwenyekiti wa soko akaniomba niondoke, biashara imelala.

Muuguzi amefurahi. Anasema watu wamenyamaza kwa sababu wamesikia. Mimi wanaonyamaza siwataki. Mtangazaji anataka makofi.

Jumamosi, 8 Machi
Watu hawataki huzuni, wanataka matumaini. Nimeandika upya: "Mimi sijakata tamaa! Nikizidiwa nikimbizeni hospitali, madaktari wafanye kila wawezalo, hata mashine! Je, wewe umewaambia wako?"

Baba alivaa miwani, akasoma kwenye maiki, akapumzika katikati kutafuta pumzi. Akasema hayo si maneno yake. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alinadi makabati ya mbao za maboksi akiapa ni mninga. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema haya, maneno yako nimeyasoma, yangu unayajua. Nikasema ninayajua. Akataka nimwite kaka ayasikie naye. Nikasema kesho.

Muuguzi aliposikia rekodi mpya aliniuliza imekuwaje. Ningemwambia ni mbwembwe angeifuta. Nikasema Mzee amebadili mawazo. Akasema ni haki yake, akaandika kwenye faili. Alitaka kumuuliza mwenyewe, lakini Baba alikuwa amelala. Nilimsihi asimwamshe.

Jumapili, 9 Machi
Ushindi! Mtaa mzima unaimba. Spika ikisema madaktari wafanye kila wawezalo, watoto wanaitikia: hata mashine! Fundi viatu amenipungia mkono.

Kaka amepiga simu. Tangazo limefika mpaka dukani kwake. Amelia, amefurahi, kumbe Mzee bado ana moyo wa kupigana. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua na mdomo kabisa. Lakini alikuwa na furaha mno, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, Mzee ni simba.

Baba aliuliza kama kaka anakuja. Nikasema ana kazi nyingi.

Jumanne, 11 Machi
Leo nilikutana na Koo la Shaba kwenye mzunguko wa barabara. Akapandisha sauti ya magodoro. Nikapandisha ya Baba. Akapandisha tena. Ng'o, sikukubali! Vioo vya benki vilikuwa vinatetemeka. Simu yangu ililia mfukoni na sikuisikia. Ningeisikiaje?

Alikuwa mke wangu. Baba amezidiwa. Aliponikosa akampigia kaka, kaka akaja na gari.

Nilimkuta kwenye chumba cha mahututi. Mpira mdomoni. Mikono imefungwa kitandani ili asiung'oe. Chumba hakina dirisha. Daktari alikuwa ameuliza mgonjwa mwenyewe alitaka nini, kaka akamjibu kwamba mji mzima unajua. Mke wangu alijaribu kupinga, akaambiwa imo hata kwenye faili. Muuguzi wetu wa nyumbani, aliyekuwa ameleta faili, akamshika kaka bega, akamwambia ashukuru, familia nyingi huwa zinabahatisha.

Baba alikuwa macho. Alinitazama, akainua kidole kimoja kile alichoweza, akanielekezea. Ndivyo alivyokuwa akifanya mnadani akisubiri mtu aseme neno la mwisho.

Nikamfunika miguu, nikatoka. Ofisi ya afya inaamua Alhamisi.

Jumatano, 12 Machi
Nimekwenda kusema. Kaka alikuwa amesinzia kwenye benchi, viatu vya Baba mapajani. Nikaona nisimwamshe. Nikarudi nyumbani. Mke wangu aliniwekea chakula na kuondoka chumbani. Ninaona aibu, naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Alhamisi, 13 Machi
Wilaya ni yangu! Ofisa amenisifu mbele ya watu: sauti ya kweli ya mgonjwa wa kweli. Watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi mazuri tu, lakini sikuyafurahia.

Kutoka pale nikaenda hospitali nikayatapika yote. Kwa daktari, kwa muuguzi, kwa kaka. Nikawapigia ile rekodi ya kwanza kwenye simu. Kaka hakunipiga. Nilitamani anipige. Alikaa chini sakafuni, akauliza Baba alimwita lini. Nikasema Jumamosi. Muuguzi akasema neno moja tu, kwamba siku ile alitaka kumwamsha Mzee.

Daktari amesema watautoa mpira, watampa dawa za maumivu, gari limrudishe nyumbani asubuhi.

Ijumaa, 14 Machi
Baba amefariki alfajiri. Gari halikuwa limefika.

Nyumbani mke wangu alishatandika kitanda na kufungua dirisha. Bombani mama mmoja alikuwa anamtukana mwenzake kwa kuruka foleni. Nilikaa kwenye kile kitanda nikasikiliza ugomvi wote mpaka mwisho, nikalia.

Jumatano, 19 Machi
Kaka hasemi nami. Ofisi ya afya imeninyang'anya wilaya, wamempa Koo la Shaba. Koo la Shaba! Alikuja kutoa pole, kumbe alikuwa amekwishawaita wanawe wote na mama yao, akawaeleza anataka nini siku yake ikifika, akamtaka kila mmoja arudie alichosikia. Anajipendekeza tu kwa muuguzi. Mtu mzima hovyo.

Lakini akili ni nywele. Wilaya ya jirani hawanijui. Wanahitaji tu sauti ya mzee, na ya Baba ninaiweza. Nimeijaribu bafuni, inafanana mpaka ile pumzi ya katikati. Mke wangu alikuja mbio, akasimama mlangoni akiwa amejishika kifua. Ishara njema!

Alipotulia akaniuliza, na mimi je, nikizidiwa nataka nini, na nani anisemee. Alivuta kiti, akakaa, akasema ana nafasi, anasikiliza.

Nikamwambia kesho. Leo nachaji betri za spika.