Gari la Uongo

Jumatatu, 3 Juni

"Maneno 'alumini' na 'faiba' katika tangazo letu yanaeleza mwonekano wa gari, si malighafi yake." Hivyo ndivyo alivyoniandikia muuzaji. Kwa mantiki hiyo, punda akipakwa milia ni pundamilia. Na muuzaji akivaa tai ni muungwana!

Tangazo ninalo. Gari-nyumba, fremu ya alumini, kuta za faiba, sakafu na kitanda vya mbao ngumu, godoro nene. Jana nilitoboa ukuta nimtundikie mke wangu kioo. Keekee ikatema unga wa mbao. Nikatoboa tena. Unga. Hadibodi, jamani! Hadibodi iliyobandikwa plastiki nyeupe, kama jino bovu lililovikwa kofia.

Mke wangu kasema niyazibe matundu, tuondoke Alhamisi kama tulivyopanga. Dada yake mkubwa, yule aliyemlea baada ya mama yao kufariki, amerudishwa nyumbani na madaktari. Hakuna tiba iliyobaki. Kwake ni mwendo wa siku mbili, na mke wangu, kwa ile nyonga yake, hawezi kuketi zaidi ya nusu saa. Lazima alale. Ndiyo maana tulinunua gari lenye kitanda.

Nikamwambia Alhamisi haijafika. Kwanza nitamfunga mdomo huyu tapeli. Mpango: nikate kipande cha ukuta, ukubwa wa kiganja tu, nikamwekee mezani.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwekea mezani. Akakigeuza kwa heshima zote. Akauliza nitathibitishaje kwamba kimetoka kwenye gari lake, maana hadibodi imejaa mjini. Kisha akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Juu ya ushahidi!

Njiani nikapata jibu. Karibu na mlango kuna kibati chenye namba ya gari. Nikikata ukuta pamoja na kibati, atakana nini? Nimekata. Kazi safi, mstari umenyooka. Mlango sasa haufungiki, kwa kuwa bawaba moja ilikuwa imeshikilia hapohapo. Jambo dogo. Nimeufunga kwa kamba.

Breki alikuwa anachungulia juu ya ukuta wa ua. Huyu ni jirani yetu, dereva wa malori mstaafu, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuwa na haraka na lolote. Aliniuliza kama ninaunda gari au ninalichinja. Mtu ambaye kitabu pekee alichosoma ni cha sheria za barabarani!

Jumatano, 5 Juni

Ofisi ya kulinda walaji. Karani kanisikiliza vizuri. Akasema mkaguzi atakuja wiki ijayo, nisiliguse gari kabisa. Nilirudi nikitafakari neno hilo. Nisiliguse? Kwa nini? Ili nani apate nafasi ya kupenyeza bahasha? Nimefundisha historia miaka ishirini na sita. Najua ushahidi unavyopotea.

Nikachukua sampuli zangu mwenyewe, kila moja urefu wa mkono: ukuta, sakafu, paa. Paa lina bati jembamba kama karatasi ya sigara, chini yake hadibodi tena. Nilifurahi sana.

Nikamwita fundi seremala atoe maoni ya kitaalamu. Akapima, akagonga, akanusa. Kasema nimeibiwa, hilo halina ubishi. Nikamwomba aandike. Akasema ataandika, lakini ataongeza na hili: lilivyokuwa Jumapili, gari lingeenda kwa shemeji na kurudi mara kumi. "Mzee, gari lilikuwa la uongo, lakini lilikuwa zima."

Nimemlipa nauli yake akaenda. Sikutaka sentensi ya pili iandikwe.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua tangu alfajiri. Imeingia kwa paa, ikatokea kwa sakafu. Hakika, ukiondoa kitanda, gari halikuloa: lilipitisha tu.

Mke wangu alikuwa amevaa tangu saa kumi na mbili, begi miguuni, amesimama ameegemea mlango. Dada yake alipiga simu. Anauliza kila asubuhi kama tumeshatoka. Ameomba kitanda chake kisogezwe dirishani aione barabara. Mke wangu akanitazama, akamjibu kwamba tunatoka sasa hivi. Kisha akakaa kitako, na kwa nyonga ile si jambo la kawaida.

Nikamwahidi Jumamosi. Nikamkumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Akasema yule mwongo walau yuko njiani, sisi tuko uani.

Nilinunua turubai. Lakini nilipoinua godoro kulikausha, nikaona upande wa kitanda umevimba. Mbao ngumu haivimbi! Nikaupasua. Katoni! Katoni iliyokunjwa mara tatu, bado ina picha ya sabuni! Nilipiga kelele za ushindi mpaka Breki akaja mbio akidhani nimekatika kidole. Mke wangu hakutoka nje.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi hii nilikuwa naweka alama kwenye nguzo za pembeni, nikitafuta hiyo fremu ya alumini. Nikasikia mngurumo. Breki kaingia uani kinyumenyume na kigari chake cha mizigo, cha chuma, umri wake sawa na wangu, chenye kutu mpaka kwenye honi. Akashuka, akamwambia mke wangu, "Shemeji, twende. Kinanuka vitunguu lakini hakiongopi."

Walikuwa wamepanga! Jana, mimi nikiwa kwa mpiga chapa, nachapisha lebo za ushahidi.

Mke wangu alilichukua lile godoro, kitu pekee kilicholingana na tangazo. Breki alilitandika, akamwinua taratibu kama mayai. Nikasema subirini hadi jioni, nguzo mbili tu zimebaki. Mke wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuniomba nishindwe, ila leo angefurahi. Akaniuliza kama naja. Nafasi ilikuwepo.

Mkaguzi anaweza kuja wakati wowote. Nikasema nitawafuata.

Breki hakunitania. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Wamefika jana magharibi. Dada yake amefariki jana saa saba mchana.

Mke wangu alipiga mwenyewe. Alisema kitanda bado kiko dirishani. Alisema majirani wamemweleza kwamba tangu Alhamisi kila gari jeupe lililopita, marehemu alikuwa akiinua mkono. Gari letu ni jeupe. Alikuwa ameambiwa.

Nikaanza kusema kwamba muuzaji atajibu kwa hili. Akanikatiza. Akasema nisije mazikoni. "Kaa na ushahidi wako, usije ukaota miguu." Simu ikakatika.

Nilikwenda kukaa ndani ya gari. Hakuna pa kukaa.

Jumatano, 12 Juni

Mkaguzi amekuja. Kijana mpole, buti safi. Alizunguka mara mbili. Nikamwonyesha vipande kumi na kimoja, vyote vina lebo na tarehe. Akakubali kwamba ni hadibodi na katoni. Akasema lakini hana tena gari la kulinganisha na tangazo. Akaandika: limebomolewa na mmiliki. Akanipa pole ya msiba. Nani alimwambia?

Wangetoka Alhamisi, wangefika Ijumaa jioni. Hesabu hiyo nimeipiga mara moja. Sirudii.

Na jibu la hesabu hiyo si msumeno wangu. Nimekaa nikafikiri, nikaona kosa langu. Nilikuwa peke yangu! Gari moja lililokatwa ni mmiliki mkorofi. Magari mia yaliyokatwa ni kesi. Wamiliki wengine wako wapi? Wamelala humo ndani, wameegemea hadibodi, wanasifu upepo. Woga wao ndio uliomfikisha mke wangu amechelewa.

Barua itakwenda gazetini kesho. Inamalizika hivi:

Nyinyi mlionunua gari-nyumba hilihili, jeupe, lenye mstari wa buluu ubavuni: acheni kuniambia kwamba lenu linatembea vizuri. Wewe unayefunga mizigo leo, ishushe. Chukua msumeno. Anza na ukuta ulio upande wa kitanda, kisha paa, na usidanganywe na mtu anayekuharakisha. Kata leo. Anayekungoja huko uendako atangoja.