Kabati Pana la Mama Msimamizi

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Balaa! Msumeno wa umeme umemkata fundi Mrefu vidole viwili kule karakana ya mbao. Karakana ya mwanangu! Haya, ni ya bosi, lakini msimamizi ni mwanangu. Juzi tu kaniletea kabati, pana kuliko mlango wa jirani. Nilimharakisha liishe kabla wageni hawajafika. Likaisha! Nani mwingine ana mtoto kama huyu? Leo kakaa mbele ya kabati hilo, chakula hagusi. Bosi ataamua Alhamisi kama abaki msimamizi. Jirani kaja kutoa pole, kisha kanikumbusha kwamba mwanawe ndiye msaidizi wa mwanangu. Pole gani hiyo!

Jumanne, tarehe 4
Nimeshapanga. Nimemwambia mwanangu kiongozi hakiri kitu. Hukunja uso, husema bado tunachunguza. Nimempigia pasi shati jeupe. Akaniuliza, mama, unajua vidole havioti tena? Nikamwambia anyooshe shingo anaposema. Halafu bombani nikadondosha neno, kwamba Mrefu alikuwa anachezea simu. Neno dogo tu.

Jumatano, tarehe 5
Neno limenitangulia hospitali! Mke wa Mrefu aliniuliza kama mkono wenye simu ndio huu, akanionyesha bandeji. Sikuwa na pa kutazama. Mrefu mwenyewe akaniamkia, shikamoo mama. Afadhali angenitukana. Akasema aliukuta msumeno hauna kinga ya kufunika meno, hakuuliza, maana anamwamini msimamizi wake. Nimelia njia nzima. Nilipofika mlangoni nikapata wazo: mwanangu aseme kinga aliitoa msaidizi!

Alhamisi, tarehe 6
Nimekwisha. Nilichungulia dirishani kwenye kikao. Mwanangu kasimama mbele ya mafundi wote, ndani ya shati langu jeupe, akasema kinga aliitoa yeye. Ubao wa kabati la mama ulikuwa mpana, haukupita kinga ikiwepo. Kwa haraka hakuirudisha. La mama! Na jirani yuko pembeni yangu, masikio wazi! Bosi kamvua usimamizi palepale. Mrefu, mkono ukining'inia shingoni, akasema hajawahi kuambiwa ukweli na mkubwa wa kazi hadi leo. Mimi nilisikia "mkubwa" tu, nikapiga makofi. Peke yangu.

Jumamosi, tarehe 8
Mwanangu anafagia vumbi la mbao. Jioni anapita kwa Mrefu kumfunga vifungo vya shati. Akirudi ananisalimia, analala. Nyumba imepoa kama imetoka maiti. Nimeegemea kabati nikalia mpaka kanga ikalowa.

Ndipo nikaona: halina milango! Vyombo vyangu viko uchi, jirani anavihesabu kutoka kwake. Na mfagiaji si msimamizi, nani atamlaumu? Kesho karakana ni tupu. Nitamwomba mwanangu anikatie milango miwili, chapuchapu. Pana, mizuri. Kinga ikizuia, si anajua inavyotoka.